MAARIFA YA NYUMBANI: Vyombo vya Kumsaidia Mwenye Maumivu ya Viungo

Katika vijiji vingi yuko mama wa makamo aliyesifiwa zamani kwa bidii yake, ambaye sasa huketi kando tu, na kazi zote za jikoni amewaachia wake za wanawe. Watu husema amekuwa mvivu, na wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Kumbe vidole vyake haviwezi tena kushika mwiko, na magoti yake yashindwa kumwinua kutoka kigoda chenye kimo cha shubiri moja.

Maradhi ya viungo, ambayo wengi huyaita baridi yabisi ijapokuwa yako ya namna nyingi, mara nyingi hayaponi kabisa. Dawa za hospitali hupunguza maumivu, na kwa namna nyingine za ugonjwa huo huzuia viungo visiharibike. Kwa hiyo haifai kukawia kumwona daktari. Lakini dawa haiinui kigoda. Hiyo ni kazi ya seremala.

Mtu aketipo chini sana, hata magoti yakawa juu kuliko nyonga, hana budi kujiinua kwa nguvu ya magoti yale yale yaumayo. Yafaa kiti ambacho magoti huwa sawa na nyonga au chini yake kidogo, nacho kiwe na mahali pa kuegemeza mikono ili mgonjwa ajisukume anaposimama. Jiko nalo lijengwe juu ya kizimba cha matofali, kimo cha kiuno, badala ya mafiga matatu sakafuni. Ila kizimba kiwe imara, kwa maana sufuria ya maji yanayochemka ikianguka ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe.

Liko jambo ambalo halizungumzwi barazani, nalo ni choo. Kuchuchumaa juu ya shimo ni adhabu kwa mwenye magoti mabovu, na wako wazee ambao hupunguza maji ya kunywa kwa kuogopa safari ile. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye miguu iliyopanuka na kukazwa isiteleze, huondoa taabu hiyo. Pamoja nacho, mti mmoja ukitiwa ukutani kwa misumari imara huwa mshikio wakati wa kuinuka.

Kwa vidole, siri ni unene wa mpini. Mpini mwembamba hulazimisha vidole vikunjwe na kubana sana; mpini mnene hushikwa kwa mkono mzima. Huko Marekani, Bwana Sam Farber alimwona mkewe Betsey, aliyekuwa na ugonjwa wa viungo, akisumbuka kwa kisu cha kumenyea. Akaagiza vyombo vyenye mipini minene ya mpira laini, navyo vikaanza kuuzwa mwaka 1990 kwa jina la OXO Good Grips. Watu wazima wenye afya walivinunua pia, kwa kuwa chombo kilicho chepesi kwa mgonjwa ni chepesi kwa kila mtu. Asiyeweza kuvinunua na achukue mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, aukate vipande vyembamba, auzungushe juu ya mpini wa kisu au mwiko mpaka unene utoshe. Kipande cha mpira huo huo hufungua kifuniko cha chupa kisichotaka kufunguka.

Kisha fimbo. Ni ajabu kwamba mzee atashika bakora kwa fahari arusini, lakini daktari akimwambia atembelee fimbo, huona haya mpaka siku atakapoanguka. Tena wengi huishika upande wa mguu unaouma, jambo ambalo si sahihi. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, nayo hutangulia pamoja na mguu mgonjwa, ili uzito ugawanyike kati ya hivyo viwili. Kimo chake hupimwa mgonjwa akiwa amesimama wima na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia: kichwa cha fimbo kifike penye kifundo cha mkono. Ncha yake itiwe kipande cha mpira, nacho kibadilishwe kikichakaa, maana kilicholainika huteleza penye maji.

Kuhusu maji, debe la lita 20 lina uzito wa kilo 20 kabla ya kuhesabu debe lenyewe. Mwenye mgongo au viganja vibovu asilibebe kamwe. Wilbaro yatosha, hata iliyoundwa kwa mbao na gurudumu kuukuu. Shambani, jembe la mpini mrefu halifai sana kuvunjia ardhi ngumu, lakini kwa palizi humwokoa mtu asiiname kutwa.

Hospitali kubwa zina wataalamu ambao kazi yao ni kuwafundisha wagonjwa njia za kufanya kazi za nyumbani bila kujiumiza. Kiko pia chama kiitwacho Association for the Physically Disabled of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1958, ambacho hutengeneza vyombo vya kuwasaidia watu kutembea. Wanaume wenye kupeleka kazi kwa seremala wa kijijini wampeleke na mgonjwa mwenyewe, aketi na kusimama mbele ya fundi, kwa kuwa kiti kilichopimwa kwa kimo cha mume hakitamfaa mke.