Mali bila daftari: panga la babu liko wapi?

Babu yangu alirejea Kimilili kutoka vita vya Burma akiwa na vitu vitatu: koti zito la jeshi, nishani ya nyota ya shaba, na panga lililopigwa muhuri wa mshale mdogo na mwaka 1944. Miaka yote ya utoto wangu panga hilo lilining'inia juu ya mlango wake. Alipofariki, lilishushwa likawa la kukatia ng'ombe nyasi. Mwishowe liliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Nyota ikafuata. Sikuwapo siku hiyo, lakini sikuwa nimemwonya mtu. Lawama ni yangu pia.

Nililikumbuka panga hilo majuzi niliposoma habari za majambia ya maofisa wa kijeshi wa Uskoti. Jambia hilo, ambalo wenyewe huliita dirk, lina mpini uliochongwa mafundo na ala yenye kisu kidogo na uma. Mara nyingi bapa lake huchorwa jina la kikosi na vita kilivyopigana. Baba humrithisha mwana. Kikosi cha Black Watch, ambacho Waingereza walikileta Kenya mwaka 1953 kupambana na Mau Mau, kina makumbusho yake katika Kasri la Balhousie mjini Perth. Mwaka 2006 vikosi vya Uskoti viliunganishwa kuwa kimoja. Hata hivyo, historia ya kila kimoja haikupotea, kwa sababu ilikuwa imeandikwa.

Je, sisi? King's African Rifles iliundwa mwaka 1902, nao wana wa Bungoma waliitumikia. Askari wa Afrika Mashariki walipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua, matope na malaria. Leo mjukuu akiulizwa babu yake alikuwa na nambari gani jeshini, hutazama chini.

Wapo watakaosema kwamba silaha ya aliyemtumikia mkoloni haistahili heshima, na kwamba afadhali tutafute mikuki ya Chetambe, ambako Wabukusu walikabiliana na majeshi ya Hobley mwaka 1895. Hoja hiyo ina uzito. Nami nasema tuhifadhi vyote viwili. Mkuki wa Chetambe na panga la Burma vilitoka katika nyumba zilezile, na asiyejua kimoja hawezi kukielewa kingine.

Hapo jirani, Kitale, pana makumbusho yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1974. Msingi wake ni mkusanyiko wa Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyehifadhi wadudu na vitabu. Ikiwa mgeni aliweza kuandika kumbukumbu za vipepeo wetu, sisi tunashindwaje kuandika majina ya askari wetu?

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la makumbusho. Naisihi serikali ya kaunti ya Bungoma ianze na jambo dogo: daftari katika kila lokesheni. Hakuna haja ya kumnyang'anya mtu kitu chake. Kipigwe picha, liandikwe jina la mwenyewe, kikosi chake na alikopigana, kisha kirudi nyumbani.

Nawe msomaji, kabla mnunuzi wa vyuma hajabisha hodi, tazama juu ya mlango wa babu yako. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.