Akili za Kuambiwa

Waswahili husema, akili za kuambiwa changanya na zako. Msemo huu tunautumia darasani, sokoni na katika siasa. Mahali ambapo vijana wengi wa umri wangu hapa Kampala hatuutumii ni kanisani. Katika insha hii nataka kusema jambo moja bila kuzunguka: Mkristo anayejua kusoma, mwenye Biblia nyumbani, na asiyeisoma kila siku, anaishi kwa imani ya kuazima. Imani hiyo ni ya mhubiri wake. Siku mhubiri akikosea, au akiamua kudanganya, yeye hana pa kusimama.

Najua wapo watakaokasirika. Wapo pia wahadhiri watakaouliza mambo ya ibada yanaingiaje katika mkusanyiko wa insha za wanafunzi wa Kiswahili. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili lilianza nyumbani kwetu na nusura linitoe chuoni.

Sisi tunakaa Mbuya, upande ambapo mlima unateremka kuelekea Kinawataka. Baba yangu alikuwa askari, na ndiyo maana Kiswahili kiliingia nyumbani kwetu mapema, wakati majirani wengi walikiona kuwa lugha ya kambini. Mama anauza mkaa na nyanya. Miaka miwili iliyopita alikuwa ametunza shilingi 800,000 katika kikundi chao cha akiba. Zilikuwa za karo yangu. Wiki moja kabla ya kuzilipa, mhubiri mgeni alikuja katika kanisa moja la mjini tulikokuwa tukisali. Alifungua Injili ya Luka, sura ya 6, aya ya 38, ile inayohusu kutoa na kupewa kwa kipimo cha kusukwasukwa. Alisoma aya hiyo moja, akafunga kitabu. Kisha akasimulia habari za mjane wa Sarepta aliyempa nabii Eliya unga wake wa mwisho. Akasema kwamba pesa inayouma kuitoa ndiyo mbegu inayoota.

Mama akasimama, akaenda mbele na bahasha yote. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, na nilisema "Amina" kwa sauti. Naandika hili ili msidhani namlaumu yeye. Mama aliishia darasa la tano. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimefundishwa kusoma maandishi na kuyahoji, na sikuwa nimewahi kuisoma sura ya 6 ya Luka kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Pesa hazikurudi. Niliahirisha semesta, nikakaa nyumbani nikipima mkaa kwenye makopo. Katika miezi hiyo ndipo nilipoifungua Biblia, na sitawadanganya: niliifungua kwa hasira. Nilitaka kuiona ile aya kwa macho yangu.

Nilianzia aya ya 27. Yesu anawaambia watu wawapende adui zao. Anawaambia wakopeshe bila kutumaini kurudishiwa. Anawaambia wawe na huruma, wasihukumu, wasamehe. Hapo ndipo inapofuata aya ya kutoa na kupewa. Katika maneno yote yaliyoitangulia hakuna bahasha, hakuna madhabahu ya kuwekea pesa, wala hakuna ahadi kwamba anayempa mhubiri atatajirika. Mazungumzo yote yanahusu jinsi ya kumtendea mtu mwingine, hasa yule asiyeweza kukulipa.

Nikaenda kwa mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme 17. Ni kweli alitoa unga. Lakini Eliya hakuuchukua na kuondoka nao. Alikaa katika nyumba ile, wakala pamoja yeye, mjane na watu wa nyumbani mwake, na mtoto alipokufa nabii alikuwepo kumlilia Mungu. Nikaendelea kusoma siku kwa siku, sura moja moja, mpaka nikafika 2 Wafalme 4. Pale yupo mjane mwingine, mwenye deni, ambaye anayemdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumwomba mbegu. Alimuuliza ana nini nyumbani, mafuta yakaongezeka, akamwambia auze, alipe deni, na kinachobaki wakitumie yeye na wanawe. Sura inayofuata, Naamani anapona ukoma na kuleta zawadi nyingi. Elisha anakataa kupokea chochote. Mtumishi wake Gehazi anamkimbilia Naamani kwa siri, anadanganya, anapewa fedha na mavazi, kisha anapata ukoma wa Naamani.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kwa nini sikuwa nimewahi kusikia mahubiri juu ya Gehazi? Kutoka kwa mjane wa Sarepta hadi kwa Gehazi ni sura kumi na moja tu. Mtu anayesoma sura moja kwa siku anafika kwa Gehazi kabla ya mwezi kwisha. Anayesubiri kusomewa anaweza asifike huko maisha yake yote, maana anayechagua aya ni yule anayeshika kipaza sauti.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Sisemi kwamba wahubiri wote ni Gehazi. Ninawajua wachungaji maskini wanaotembea kwa miguu kutoka Mutungo kwenda kumwombea mgonjwa bila kudai nauli. Ninachosema ni kwamba asiyesoma hana njia ya kumtofautisha Elisha na Gehazi. Wote wawili humjia akiwasikiliza, na wote wawili hutaja jina la Mungu.

Na sisi watu wa Uganda hatuna udhuru, kwa kuwa Ukristo ulikuja hapa kama kusoma. Mwaka 1875, Stanley alipopita katika ikulu ya Kabaka Mutesa I, aliacha nyuma kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, aliyekuwa amesomeshwa na misheni ya UMCA huko Zanzibar. Maftaa alimsomea Kabaka na kumtafsiria sehemu za Biblia, na lugha aliyotumia ilikuwa Kiswahili. Wamishenari wa kwanza wa CMS walifika mwaka 1877. Watu walioshika dini mpya, Waislamu kwanza na kisha Wakristo, waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Katika Uanglikana wa miaka ile ya mwanzo, mtu aliyetaka kubatizwa alitakiwa kwanza ajue kusoma, isipokuwa wazee na vipofu. Biblia nzima ya Kiganda, kazi iliyoongozwa na George Pilkington pamoja na wasaidizi wake Waganda, ilikamilika mwaka 1896. Ilichapwa ikiwa nyembamba na nene ili iweze kuwekwa ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasiile. Watu walikihifadhi kitabu chao namna hiyo kwa sababu walikuwa wakikitumia.

Kila tarehe 3 Juni mahujaji hupita Barabara ya Jinja, si mbali na kwetu, wakielekea Namugongo kuwakumbuka mashahidi waliouawa mwaka 1886. Wengi wa mashahidi wale walikuwa vijana wa ikulu, wa umri wetu au wadogo kuliko sisi. Walikuwa abasomi. Sisi tunaheshimu majivu yao, tunapiga picha, tunanunua rozari na fulana, halafu tunarudi nyumbani kusikiliza.

Sasa nigeukie visingizio, maana navijua vyote, nimevitumia mwenyewe.

Wa kwanza husema kwamba kumwachia kila mtu asome mwenyewe ni hatari, na ndiko kunakozaa madhehebu ya ajabu. Watataja Kanungu, ambako mamia ya watu waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, na Shakahola nchini Kenya, ambako tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400. Mimi nasema misiba hiyo inafundisha kinyume chake. Kundi la Kanungu lilijengwa juu ya maono ya viongozi na ukimya wa wafuasi. Watu hawakufa kwa sababu kila mmoja alikuwa na Biblia yake na swali lake. Katika Matendo ya Mitume sura ya 17, watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama maneno ya Paulo ni kweli. Aliyekuwa akichunguzwa alikuwa Paulo mwenyewe! Kama Paulo alichunguzwa, huyu wa kwetu mwenye mabango barabarani ni nani asichunguzwe?

Wa pili husema, "Mimi nasoma, simu yangu hunitumia aya kila asubuhi." Ndugu yangu, hiyo ni aya moja iliyochaguliwa na mtu usiyemjua, imewekwa juu ya picha ya machweo. Mhubiri aliyechukua karo yangu naye alitumia aya moja. Sina ugomvi na simu. Umeme ukikatika mimi mwenyewe husomea kwenye simu. Lakini fungua sura nzima, usome kilichotangulia na kinachofuata.

Wa tatu ni nyinyi wahadhiri wangu, ambao husema imani ni jambo la moyo na usomi ni jambo la akili. Nawauliza kwa heshima: mnapotufundisha fasihi, si mnakataa insha ya mwanafunzi aliyedondoa mstari mmoja wa riwaya bila kuisoma riwaya? Si mnatufundisha kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na baada ya tukio gani? Kwa nini tutumie adabu hiyo kwa riwaya ya kurasa mia mbili, kisha tuiweke kando mbele ya kitabu ambacho mama zetu wanakitolea akiba yao yote? Kama usomi wetu hauwezi kumlinda mama mmoja wa Kinawataka, karo hizi tunalipia nini?

Wa nne husema hana muda. Huyu nimemfanyia hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ile ya Kikatoliki, yenye vitabu 73, ina zaidi kidogo. Kwa sura moja kwa siku, vitabu 66 vinamalizika katika miaka mitatu na miezi michache. Shahada yetu ni ya miaka mitatu. Aliyeanza alipojiandikisha mwaka wa kwanza atakuwa anamalizia karibu na siku ya kuvaa joho. Injili zote nne zina sura 89, hazifiki hata semesta moja. Sura nyingi husomeka kabla chai haijapoa.

Nakiri kwamba nilishindwa mara tatu kabla ya kuweza. Nilikuwa naanza mwezi wa Januari kwa kishindo, sura kumi kwa siku, na kufikia Februari Mambo ya Walawi yalikuwa yamenishinda. Kisha nilikuwa naona aibu, na aibu ilinifanya niiache kabisa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba Mungu anataka mbio. Haba na haba hujaza kibaba. Sasa ni sura moja, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kabla Mama hajafungua banda. Nikikosa siku moja, siongezi mbili kesho yake. Naendelea tu pale nilipoachia.

Wala sisomi peke yangu. Mama hushika Biblia yake ya Kiganda, mimi ya Kiswahili, na hupokezana aya. Yeye husoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kuna jirani yetu mzee asiyejua kusoma ambaye siku nyingine huja kukaa mlangoni kusikiliza, na huyo siwezi kumwita mvivu. Wajibu wa kumsomea ni wetu sisi tulioenda shule. Tena kwa kuwa lugha zetu mbili hazifanani kila mahali, mara nyingi tunasimama na kuulizana neno fulani lina maana gani. Hapo imani inajengwa. Nimemwona Mama akibadilika. Bado anatoa sadaka, na huwa napenda atoe. Lakini mwezi wa Agosti, katika maombi ya mtaani, mgeni mmoja alisoma aya moja ya Malaki sura ya 3 na kuanza kutaja viwango vya pesa. Mama akamwambia kwa upole, "Mchungaji, naomba tuanzie juu kidogo." Wakaanzia aya ya 5, ambapo Mungu anawakemea wanaomdhulumu mfanyakazi ujira wake, na wanaowaonea wajane na yatima. Mgeni alisoma, akakohoa, na viwango havikutajwa tena jioni ile.

Mimi nilirudi chuoni baada ya kuchelewa mwaka mzima. Wenzangu niliojiandikisha nao wamenitangulia, na deni la kikundi cha akiba tulimaliza kulilipa juzi juzi. Hiyo ndiyo gharama ya "Amina" niliyoitamka bila kusoma.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu unayejiita Mkristo, sikuombi uhame kanisa wala umchukie mchungaji wako. Nakuomba uanze kesho asubuhi na Marko sura ya 1. Ina aya 45. Keshokutwa usome sura ya 2. Na kama nyumbani kwenu yupo mtu asiyejua kusoma, umsomee kwa sauti.