Kabati jipya la spana ni kali, ila ufunguo kabaki nao nani?

Staa mmoja wa vichekesho hapa Bongo, yule ambaye kabla ya kuvuma alikuwa anashinda uvunguni mwa magari ya watu, ameposti video ya gereji yake ya nyumbani na mtandao umegawanyika. Hakuna ndinga mpya kwenye hiyo video. Hakuna mrembo. Kuna kabati la spana. Jekundu, droo saba, magurudumu manne, na mwenyewe kasimama pembeni na ovaroli ambayo bado ina mikunjo ya dukani, anavuta droo moja moja huku anatabasamu kama baba anayeonyesha mtoto mchanga.

Video inaanza na hali ya zamani. Ukutani kuna tranka la bati, lile lile alilokwenda nalo bweni, jina limefutika limebaki namba tu. Juu yake boksi la kijivu lenye mpini. Pembeni boksi la plastiki lililopasuka mfuniko, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojaa nati na misumari, halafu kiroba ambacho hata yeye alikiri hajui kina nini. Vyote hivyo vimeingia kwenye kabati moja. Muziki ukapanda, droo zikafungwa, jamaa akageuka kwenye kamera: "Sasa kila kitu kina sehemu yake."

Komenti zikaanza kushuka kama mvua ya masika. "Kiki tu hiyo, spana hazijawahi kuona grisi." "Kaka, hela yote hiyo kwenye kabati, si ungeongezea kiwanja?" Wengine wakampa maua yake: "Hongera sana, mwanaume mpangilio."

Timu kiki hapa imechemka. Mtu mwenye masanduku matano ya vifaa hana vifaa, ana bahati nasibu. Anajua spana anayo, hajui iko wapi, na kazi ya dakika kumi inakula mchana mzima. Mwisho wake anakwenda Kariakoo kununua nyingine, anairudisha nyumbani, anaitupia kwenye boksi lililo karibu. Hivyo ndivyo rundo linavyozaliwa. Kwenye video jamaa alizihesabu spana zake zote sakafuni, na hapo ndipo palipokuwa patamu: namba 14 zilikuwa sita. Namba 10 ilikuwa moja, tena imepinda. Watu waliweka vicheko vya machozi, lakini kila fundi aliyeangalia alijua si utani. Magari ya Kijapani yanayojaa barabara zetu yanafungwa sana kwa 10, 12, 14 na 17. Ukitaka kutoa betri ya Toyota, namba 10 ndiyo unayoitafuta, na ndiyo inayopotea kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo video ilipita juu juu na lilistahili muda zaidi kuliko ule muziki. Ndani ya tranka la bweni mlikuwa na spana za inchi, urithi wa mzee wao aliyewahi kutengeneza Land Rover za zamani. Jamaa akazimwaga droo moja na za milimita. Hapana, kaka. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kwa macho inafanana na 13, na spana ya 13 ukiiweka kwenye boliti ya nusu inchi inaingia vizuri tu, inakudanganya, halafu ukikaza nguvu inateleza na kula kona za boliti. Ikishafika hapo ni tindo na nyundo na maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Za inchi zinatakiwa zikae droo yao peke yao, hata kama zinatumika mara moja kwa mwaka.

Na ile sehemu ya kuvuta droo tatu za juu kwa mkupuo ili picha ipendeze? Magurudumu hayakuwa yamefungwa breki. Droo za makabati ya aina hii, zile zinazoteleza kwenye gololi, nyingi zinatengenezwa kubeba kama kilo 45 kila moja. Ukizijaza za juu na kuzivuta zote pamoja, uzito unakuja mbele na kabati linamfuata mwenye nalo. Ndiyo maana vizito kama grenda, drili, nyundo na jeki ndogo vinakaa chini, soketi na bisibisi zinakaa juu, na droo inafungwa moja kabla ya kuvuta nyingine. Waliokuwa wanapiga makofi pale walipaswa kupiga kelele.

Kiufundi basi, ukiacha hayo, jamaa yuko sahihi kwa asilimia kubwa. Hata kuachana na ndoo ni akili, kwa sababu hewa ya Dar ina unyevu na chumvi ya bahari, na chuma kilicholala kwenye ndoo wazi kinaota kutu bila kuguswa. Droo inayofungwa vizuri, kitambaa chenye oili kidogo, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinatosha kabisa. Wenye raba nyingi mjini wanavyo vya bure, wanavitupa.

Sasa kilichofuata ndicho kilichofanya stori iache kuwa ya kabati.

Siku mbili baadaye mdogo wake wa damu, kijana ambaye hana wafuasi hata elfu mbili, akaposti kipande cha sekunde arobaini. Hakutukana. Hakulia. Alianza na "Shikamoo kaka, hongera kwa gereji," halafu akaeleza kwamba lile boksi la kijivu lililoonekana mwanzoni mwa video ndilo alilokuwa anakuja kulichukua kila anapopata kazi ya gari. Ijumaa alipata mteja. Alipofika nyumbani kwa kaka yake alikuta boksi la kijivu limepinduliwa uani, limewekewa maji ya kuku, na vilivyokuwa ndani vimeingia kwenye kabati. Kabati limefungwa. Ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo yuko Mwanza kwenye shoo. Mteja alikwenda kwa fundi mwingine.

Hapo ndipo kimeumana. Timu kaka ikaja na hoja yake, na si hoja ya kijinga: spana ikitoka nyumbani hairudi. Kila mwenye vifaa mjini anaijua hiyo. Unaazima seti kamili, inarudi nusu, na aliyeazima anaapa ilikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo. Mtu kanunua kabati kwa jasho lake, kwa nini asilifunge? Timu mdogo nayo ikakumbushia posti ya zamani ya staa mwenyewe, aliyoandika kipindi anatafuta huruma za mashabiki, kwamba boksi hilo la kijivu walichanga yeye na mdogo wake enzi wanafanya kazi gereji moja, kila siku mia tano tano. Skrinishoti zikatembea. Mtandao hausahau.

Ukiondoa ushabiki, pande zote mbili zinaongea kitu kimoja bila kujua. Kabati limegeuza masanduku matano kuwa moja, na katika kufanya hivyo limegeuza funguo za watu wawili kuwa za mtu mmoja. Hilo halikuonekana kwenye video kwa sababu droo ni nzuri na rangi inang'aa. Kwa kaka, zile spana leo ni kumbukumbu na burudani ya Jumapili. Akizikosa wiki nzima, anakula. Kwa mdogo wake ni mtaji. Akizikosa Ijumaa moja, hana hela ya Jumamosi.

Marekani, ambako makabati haya mekundu ndiko yalikopatia umaarufu, fundi wa gereji kwa kawaida ananunua vifaa vyake mwenyewe. Kampuni kama Snap-on, iliyoanza mwaka 1920, imejijengea jina kwa magari yanayopita gereji hadi gereji kuwauzia mafundi, na fundi akihama kazi anasukuma kabati lake na kuondoka nalo. Anayefungua droo ni yeye anayeishi kwa hizo droo. Huku kwetu kijana anaanza na kuazima: spana ya bosi, jeki ya jirani, soketi ya kaka. Ndiyo maana kufuli la mtu mmoja linaweza kufunga kazi ya mwingine bila mwenye kufuli kukusudia ubaya wowote.

Kinachoshangaza ni kwamba jibu lilikuwa limelala sakafuni kwenye video ile ile. Namba 14 sita! Mtu mmoja anazifanyia nini? Bisibisi zilikuwa za kutosha kufungua duka, plaizi nne, spana malaya tatu. Ukikusanya vifaa kutoka masanduku matano, faida ya kwanza si kabati kujaa, ni kugundua marudio. Yale marudio ndiyo boksi la pili. Unachukua moja moja ya 8 hadi 19, unaongezea namba 10 mpya (nunua mbili, moja itapotea tu), racheti na soketi zake, plaizi, bisibisi mbili, tesita ya umeme, unayarudisha kwenye boksi la kijivu, unampa mwenye kazi. Kabati linabaki na seti yake kamili, tena limepungua uzito. Kuku watafutiwe sufuria.

Na hofu ya spana kupotea ina dawa ambayo karakana za ndege zinaitumia kila siku, kwa sababu kule spana iliyosahaulika ndani ya injini ni msiba. Kila kifaa kinachongewa umbo lake kwenye sponji, kikitoka panabaki shimo, na kazi haifungwi mpaka mashimo yote yamejaa. Sponji ya godoro kuukuu na kisu kikali vinafanya kazi hiyo hiyo. Kabla hujaazima unapiga picha droo, ikirudi unalinganisha na picha, mnaagana kwa amani. Mtu anayeweza kuhariri video ya dakika moja na nusu kwa ustadi ule hawezi kushindwa kupiga picha droo.

Kuna mashabiki wanaosema mdogo mtu naye akomae, akanunue vyake. Sawa, atanunua. Lakini atanunua kwa hela ya kazi gani, kama kazi yenyewe imekwenda kwa fundi mwingine kwa kukosa spana ambazo nusu yake alizichangia? Na wale wanaosema kaka ana roho mbaya nao wapunguze povu. Anayepanga vitu vyake usiku na kamera mkononi, akiwaza mwanga na muziki, anaweza kabisa asikumbuke kwamba boksi moja lilikuwa na mtu. Ni uzembe wa mtu aliyeshiba, wala si uchawi. Unarekebishika kwa boda moja kutoka nyumbani kwake hadi kijiweni kwa mdogo wake.

Hadi stori hii inapanda hewani, staa alikuwa ameacha emoji ya ufunguo chini ya video ya mdogo wake, bila neno lolote. Mashabiki wakaipa mapendo kwa maelfu. Mdogo mtu akajibu chini yake, "Asante kaka. Nije saa ngapi?"

Hajajibiwa.