Land Rover ya zamani kwa injini ya Toyota: faida iko wapi?

BIASHARA ya kufufua pikapu za Land Rover 109 na kuzitia injini ya dizeli ya Toyota inaendelea kuvuta vijisenti vya watu wengi, wakiwamo wastaafu wenye kiinua mgongo na wachuuzi wa mazao wanaotafuta usafiri wao wenyewe. Maelezo ya dalali huwa mafupi: bodi hailiwi na kutu, injini hainywi mafuta, na vipuri vinapatikana Gerezani. Yote matatu yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, hakuna hata moja linalomwambia mnunuzi kama pesa yake itarudi.

Gari lenyewe lina sifa zake. Series III ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, bodi ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma, na injini yake ya petroli ya lita 2.25 haina makuu. Fundi huweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga kabla jua halijazama. Tatizo ni koo lake. Likiwa limechoka na limepakia, mwenye gari hashangai kuona lita 18 zimekwisha kwa kilomita 100. Ndipo wazo la dizeli linapoingia.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hawalitazami. Mpaka 2017 gari bovu lililolala uani juu ya matofali liliendelea kudaiwa ada ya mwaka ya leseni, na wenye magari walitaka kuyaondoa upesi. Katika bajeti ya 2017/18 ada hiyo ilifutwa, badala yake ikaongezwa Sh. 40/- kwa kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lililolala halimdai mwenyewe kitu. Mnunuzi anayekwenda kijijini akidhani atapata bodi kwa bei ya kutupa anakutana na muuzaji asiye na haraka yoyote.

Hesabu ya dizeli ni nyepesi, na pengine ndiyo maana watu huiruka. Kwa mfano, pikapu iliyokuwa ikitumia lita 18 kwa kilomita 100 ikashuka hadi 12, kinachookolewa ni lita sita. Mchuuzi anayeshusha mboga kutoka Lushoto akitembea kilomita 1,500 kwa mwezi huokoa lita 90. Lita ikiwa Sh. 3,000/-, hizo ni Sh. 270,000/- kwa mwezi, na kama kazi nzima ya kubadili injini imekula Sh. 8,000,000/-, pesa hurudi baada ya miezi 30 hivi. Sasa atazamwe mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayepeleka saruji kwa wateja wa mjini, kilomita 400 kwa mwezi. Huyu anaokoa lita 24, yaani Sh. 72,000/-. Kwa gharama ileile atasubiri zaidi ya miaka tisa. Huyo angefaa kusafisha kabureta, kurekebisha moto wa plagi na kuziba mafuta yanayovuja, kisha fedha iliyobaki akanunulie saruji.

Bila shaka tarakimu hizo ni za mfano. Kila mtu aweke kilomita zake mwenyewe na bei kikomo ya EWURA inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Asisahau kwamba ipo miezi ambayo dizeli huipita petroli kwa bei.

Injini inayopendwa ni 3L ya lita 2.8, iliyozoeleka kwenye Hilux na Hiace. Haina kompyuta, na mafundi pampu wanaijua. Injini ya mtumba ndicho kipande rahisi kununua. Gharama hujificha kwenye maungo. Giaboksi ya Land Rover haikutengenezwa kupokea injini ya Toyota, kwa hiyo lazima ichongwe pleti ya kuziunganisha. Pleti ikikaa upande kidogo tu, shafti ya giaboksi haikai katikati, bering inaanza kulia na klachi inakwisha kabla ya siku zake. Fundi atasema klachi ilikuwa feki. Atauza nyingine, nayo itakwisha vilevile.

Breki nazo husahaulika. Injini ya petroli huvuta hewa inayosaidia mguu wa dereva. Dizeli haina mvuto huo, na ndiyo sababu Toyota waliweka pampu ya kuvuta hewa kwenye altaneta. Pakifungwa altaneta isiyo na pampu hiyo kwa kuwa ilikuwa rahisi, gari lenye breki za kusaidiwa hubaki na pedali ngumu kama jiwe. Kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke, na karibu tani moja mgongoni, ubahili huo unaweza kumgharimu mwenye gari mali na roho za watu.

Halafu kuna mwendo. Difu za 109 ni nzito, uwiano wa 4.7, na kwa matairi ya 7.50-16 injini huzunguka takriban mara 2,900 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Anayetarajia kukimbizana na Hilux kwenye lami ya Chalinze atakuwa anaua injini aliyoinunua kwa shida. Mkanda wa taimingi ubadilishwe siku ileile injini inapofungwa, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya. Ukikatika, vali hugonga pistoni, na hapo hesabu ya miezi 30 inaanza upya.

Pamoja na hayo yote, bei ya gari isifuate injini, ifuate chasisi na kadi. Aluminiamu ya juu huficha chuma kinachooza chini, hasa kwa magari yaliyokaa Tanga, Mtwara au Dar es Salaam karibu na chumvi ya bahari. Gari lililozeekea Dodoma au Singida kwa kawaida lina chasisi imara zaidi, hata rangi yake ikiwa imekwisha kabisa. Nyundo ndogo ikigongwa kwenye mhimili wa nyuma na mahali springi zinaposhikwa hutoa jibu ambalo rangi mpya haliwezi kulificha.

Kadi ndiyo yenye ugomvi mwingi. Imeandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, TRA inapaswa kuarifiwa na kadi irekebishwe, na mmiliki abaki na stakabadhi ya injini pamoja na karatasi zake za kuingizwa nchini. Wengi hawafanyi hivyo kwa kuwa gari linatembea tu. Linapouzwa, au linaposimamishwa na askari anayejua kusoma namba, mtaji wote unakuwa umefungwa kwenye kitu ambacho mwenyewe hawezi kuthibitisha ni chake.

Wapo pia wanaoota soko la nje, hasa baada ya tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024. Ni kweli wakusanyaji wa magari ya kale wapo Ulaya na Marekani, na Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kulazimika kutimiza viwango vyake vya usalama vya magari mapya. Lakini wakusanyaji wengi hulipia uhalisi: injini iliyotoka nayo kiwandani, giaboksi yake, hata kibao cha namba kilichopigwa ribiti. Gari lililokatwa chasisi ili 3L ikae haliwafai sana. Mwenye Series III nzima, kavu na yenye injini yake, achague soko kabla ya kuwasha gesi ya kukatia. Akitaka kazi, atie dizeli na atembee. Akitaka mkusanyaji, aifunike turubai na asiiguse.

Na muuzaji anayesema kadi itarekebishwa baadaye apewe bei ya injini iliyotumika pamoja na chuma chakavu, kwa kilo. Tofauti iliyobaki ilipwe siku jina na namba zitakaposomeka sawasawa.