Kimo ni Neema, Kuhitimu ni Kazi

Apitaye Mackinnon Road kwa gari ya Mombasa au ya Nairobi huujua msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Wasafiri wengi husimama hapo, wakaomba dua, wakashika njia. Ni wachache wanaouliza habari za wenyeji. Mtu wa Diani au Msambweni, aliyezoea minazi na upepo wa bahari, aweza hata kusahau kwamba hapa ni Kwale vilevile. Hapa ni nyika, vumbi na malori.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya kijana mmoja wa hapa, ambaye jina lake silitaji. Umri wake ni miaka 16, na akiingia dukani hana budi kuinamisha kichwa. Jioni hucheza mpira wa kikapu kwa pete ya chuma iliyopigiliwa mtini. Watu wamegawanyika mafungu mawili juu yake. Fungu la kwanza lamwambia aache shule apande lori awe utingo, maana mwili anao. Fungu la pili lamwambia aache shule angojee kuitwa Marekani, maana Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alifika huko kwa urefu. Mafungu haya yapingana kwa kila jambo ila moja: kwamba shule iachwe.

La utingo jibu lake twaliona barabarani kila siku. Hili la Thabeet ndilo litakalo kuelezwa, kwa kuwa latajwa sana na lajulikana kidogo.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15. Alisoma Tanzania, akapita Kenya, akamalizia sekondari Houston, Marekani, ndipo mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kimo chake ni mita 2 na sentimita 21. Lakini chuo kikuu hakipokei kimo kitupu. Hutaka vyeti vya masomo. Angekuwa ameacha shule akiwa na miaka 16, kama tunavyomshauri kijana wetu, urefu wake ungeishia Dar es Salaam.

Msimu wake mkubwa ulikuwa wa 2008 hadi 2009. Chini ya kocha Jim Calhoun, timu yake ilishinda michezo 31 ikashindwa 5. Yeye mwenyewe, kwa wastani wa kila mchezo, alifunga pointi 13.6, akadaka mara 10.8 mipira iliyogonga pete ikarudi, na akazuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Mwisho wa msimu alitajwa mchezaji bora wa ligi yao, tuzo aliyogawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Jina hilo la Blair tulishike, kwa kuwa ndani yake mna somo. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Pittsburgh iliikabili Connecticut. Blair ni mfupi kwake kwa kiasi cha sentimita 20. Walipong'ang'ania mpira, mfupi alimpindua mrefu juu ya bega, akamwangusha chini kama gunia. Blair alifunga pointi 22, akadaka mipira 23, na Pittsburgh ikashinda 76 kwa 68. Basi urefu umlinde nani, mbele ya mtu aliyejifunza kusimama imara?

Mwezi uliofuata, New York, Connecticut ilicheza na Syracuse. Mchezo ulikwisha sare, ukaongezwa muda. Ukaongezwa tena, hata ikawa mara 6. Ulianza saa 3 na nusu usiku ukaisha baada ya saa 7, Syracuse ikashinda 127 kwa 117. Vijana wa Connecticut wangeweza kuvunjika moyo, hasa kwa vile mwenzao Jerome Dyson alikuwa ameumia goti mwezi wa Februari. Hawakuvunjika. Katika mashindano ya taifa ya timu 65, ambapo ukishindwa mara moja umetoka, waliishinda Chattanooga 103 kwa 47, Texas A&M 92 kwa 66, Purdue 72 kwa 60 na Missouri 82 kwa 75. Tarehe 4 Aprili 2009, mjini Detroit, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000, safari ilikatika katika nusu fainali. Michigan State ilishinda 82 kwa 73.

Mwezi wa Juni Thabeet akachaguliwa wa 2 kati ya wachezaji wote walioingia ligi ya kulipwa mwaka ule, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Aliondoka chuoni baada ya miaka 3. Simlaumu, fedha aliyowekewa mbele wengi wetu tusingeiacha hata usiku mmoja. Lakini ligi ile haikumngoja. Alipita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 akawa ametoka. Kule chuoni, Kemba Walker, aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa 1 katika msimu ule wa 2009, alibaki. Mwaka 2011 aliiongoza Connecticut kutwaa ubingwa wa taifa, ilipoishinda Butler 53 kwa 41.

Wako wazee watakaosema mpira wote ni upuuzi unaompotezea mtoto wakati. Hao nawakumbusha Lew Alcindor wa chuo kikuu cha UCLA. Alitwaa ubingwa wa vyuo mara 3 mfululizo, 1967, 1968 na 1969. Ndani ya miaka hiyo akasilimu, na baadaye dunia ikamjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Alimaliza miaka yake yote 4, akatoka na vikombe 3 na shahada ya historia. Mpira haukumzuia kusoma wala kuitafuta dini yake.

Sisi tuliokaa mkekani chuoni, tukaisoma Kurani juzuu baada ya juzuu, twaijua maana ya kuhitimu. Aliyeishia juzuu ya 20 hakuitwa amehitimu, hata sauti yake iwe tamu namna gani. Kimo cha kijana wetu ni kama sauti hiyo: ni neema aliyopewa, wala hakuitolea jasho. Jasho ni kule kubaki darasani.

Tena mfano hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo. Humu humu Kwale, wasichana wa shule ya sekondari ya Kaya Tiwi wamewahi kutwaa ubingwa wa shule za Kenya katika mchezo huu. Hawakuokotwa barabarani. Ni wanafunzi waliopata uwanja, mwalimu na ratiba, wakafunzwa wakiwa shuleni. Yaliyowezekana Tiwi yashindikane vipi nyikani?

Kwa hiyo nasema na watu watatu. Mzazi, usimpandishe mwanao lori kwa sababu ya mabega yake. Mwalimu, mpe mpira baada ya masomo ya shule na ya chuo, usimpe badala yake. Nanyi wakubwa wa kaunti, Mackinnon Road nayo ni Kwale: sakafu moja ya saruji na vikapu viwili si gharama ya kuwatisha. Kijana huyu mrefu wakati wake ni huu, na malori yapita kila saa.