Kitabu cha Uchawi, au Kioo cha Nyumba Zetu?

Msomaji mpenzi, juma lililopita palizuka mzozo barazani petu ambao haukwisha hata kahawa ikapoa vikombeni. Bwana mmoja, mtu mzima na mcha Mungu, alimkuta binti yake amejifungia chumbani na kitabu cha Kiingereza chenye neno la mchawi juu ya jalada. Alikitwaa, akaja nacho, akakibwaga mbele yetu kama aliyeshika mwizi. "Haya, nyinyi mnaojiita waandishi," akaniambia, "haya ndiyo mnayotaka watoto wetu wasome?"

Sikuwa mgeni wa kitabu hicho. Binti yangu wa miaka 15 amekuwa akikisoma likizo hii pamoja na wenzake watano kwa mwalimu wao mmoja, nami nilikisoma usiku baada ya yeye kulala, mpaka nikakimaliza. Jina lake ni Akata Witch, kimeandikwa na Nnedi Okorafor, mwanamke aliyezaliwa Marekani kwa wazazi Waigbo wa Nigeria. Kilitoka mwaka 2011. Huko Nigeria kilipopigwa chapa mwaka 2013 kilipewa jina jingine, kwani hilo neno "akata" ni neno la kuwadharau Wamarekani weusi.

Kisa chenyewe ni hiki. Sunny ni msichana wa miaka 12, aliyezaliwa New York na kurudishwa Nigeria na wazazi wake. Ana ualbino, jua humchoma, shuleni huchekwa, na mpira anaoupenda huucheza usiku tu. Hupata marafiki watatu, na kwao hujua kwamba ana kipawa na kwamba kuna watu wengi wenye vipawa kama chake, wenye mji wao uliofichika. Wakati huo huo kuna mtu anayewateka watoto na kuwaua, na hao wanne ndio watakaotumwa kumkabili.

Sasa nirudi kwa bwana wetu. Hoja yake si ya kupuuzwa. Sihiri ni haramu, na aya ya 102 ya Suratul Baqara inatosha kumtisha kila mwenye imani. Mimi nami nimekalia mkeka wa chuo, nimechapwa bakora kwa kukosea herufi, na sina nia ya kumfundisha mtoto yeyote kuagua. Lakini, ndugu zangu, hadithi ni kitu kimoja na itikadi ni kitu kingine. Wazee wetu waliocha Mungu kutushinda walikesha wakisoma Alfu Lela Ulela, yenye majini ndani ya chupa, na hawakutoka wakayaabudu majini. Walighani Ras al-Ghuli. Walitusimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa asiyepenywa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Je, tulipokuwa wadogo tulikwenda kuchomana sindano? Hatukwenda. Tulijifunza kwamba siri ya nyumba yaweza kumuua shujaa ikiwa mwanawe mwenyewe ataiuza. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tena kitabu hiki kina jambo ambalo lingemfurahisha mwalimu yeyote wa chuo. Katika mji huo wa siri, fedha haipatikani kwa kuiba wala kwa kupiga domo. Mtu akijifunza jambo la kweli, fedha humwangukia miguuni hapo hapo. Na mkubwa wao si mfalme wala tajiri, ni mkuu wa maktaba. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu usiku ule, nikafikiri, laiti mambo yangekuwa hivyo Mombasa, walimu wetu wa chuo wangekuwa na majumba ya ghorofa!

Halafu kuna shani ya vipawa. Rafiki yake Sunny aitwaye Orlu husoma kwa taabu, herufi humchanganya; kumbe udhaifu huo huo ndio chanzo cha uwezo wake wa kufumua yaliyofumwa na wengine. Na ualbino wa Sunny, ambao watu huuona mkosi, ndio alama ya uwezo wake. Hili si jambo dogo kwetu Afrika Mashariki. Tunajua ya Tanzania, ambako watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa na watu waliodanganywa kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Ule ndio uchawi wa kuogopwa, nao haukutoka kitabuni. Lakini huko huko Tanzania, mwaka 2010, watu wa Lindi walimchagua Salum Khalfani Bar'wani, mwenye ualbino, awe mbunge wao. Kijana asomaye habari za Sunny ataelekea kwa hawa wa Lindi, hataelekea kwa wale wa mapanga.

Lakini lililonikamata mimi ni siri ya nyumba. Sunny alikuwa na nyanya mzaa mama aliyekuwa na kipawa kama chake. Kwao hatajwi. Akimwuliza mama, mama hugeuza maneno, baba hukasirika. Mtoto huja kuambiwa ukweli na watu wa nje: kwamba nyanya yake alikuwa mtu wa elimu na heshima, na kwamba aliuawa na mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye ndiye huyo huyo anayewateka watoto. Fikiri, msomaji: mtoto anatumwa kupigana na adui wa ukoo wake, na mamake mzazi hakumwambia hata neno. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alimwachia binti yake utendi mzima wa wasia. Sisi tulio wazima tunawaachia wetu kimya.

Basi usiku mmoja binti yangu akaniuliza, "Baba, na sisi je? Mamake nyanya yako alikuwa mtu wa wapi?"

Nikamjibu, "Kalale, kesho shule." Na ilikuwa likizo.

Nililala vibaya. Jibu nilikuwa nalo. Mama wa nyanya yangu aliletwa pwani mtoto kutoka nchi za Nyasa, akauzwa, akatumikia nyumba ya watu mpaka sheria ilipoufuta utumwa pwani yetu mwaka 1907. Kwetu jambo hili halikutajwa. Mimi mwenyewe nililijua nikiwa mtu mzima, siku posa ya dada yangu ilipovunjika kwa sababu upande wa pili walichimba nasaba wakalikuta. Dada alilia kwa aibu ambayo hakuitenda, na baba akatuapisha tusiseme.

Asubuhi nilimwita binti yangu, nikamweleza yote. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Jina lake nani?" Nikamtajia jina tulilolirithi, kisha ikanibidi nimwambie kwamba hilo ni jina alilopewa na walionunua, jina la bidhaa. Lile alilopewa na mamake halikubakia kwa mtu. Hapo nilijua kimya chetu kimetugharimu nini. Tulidhani tunaficha aibu, kumbe tumelipoteza jina. Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Basi sisi tuliiacha asili ili tusiitwe watumwa!

Sitasema kitabu hiki hakina ila. Halikunipendeza kwamba wakubwa wanawatuma watoto mbele ya muuaji aliyewashinda wengine kabla yao. Ushujaa wa mtoto usiwe kisingizio cha woga wa mzee. Na hilo ndilo ningetaka lijadiliwe wanapokaa kukisoma: nani hapa alistahili kuwa jasiri, na kwa nini hakuwa? Kwa maoni yangu ni yule mama. Kupigana na muuaji kwataka moyo, lakini kumketisha mwanao ukamwambia kweli ya ukoo kwataka moyo usiopungua huo.

Kwa hivyo, wazazi wenzangu, kabla hujakichoma kitabu, kisome. Penye sihiri, mweleze mwanao hukumu yake. Hiyo ni kazi yako, si ya mwandishi wa Marekani. Na akikuuliza swali la nyumbani, usimwambie akalale. Yule bwana wa barazani nimemsihi akisome yeye kwanza. Juzi aliniambia amefika nusu, na kwamba anataka kujua yule nyanya alifanywa nini.

Mficha uchi hazai. Wabillahi tawfiq.