Kunyonya Mafuta Mwilini: Ni Urembo, Siyo Tiba



Safari hii tunagusa jambo ambalo miaka ya nyuma lilionekana kuwa la watu wa Ulaya na Marekani tu. Ni upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini, ambao madaktari huuita liposaksheni. Leo jambo hilo limetufikia. Matangazo yake yanaingia kwenye simu za mabinti na akina mama wa parokia zetu. Kliniki za urembo zinazoufanya zipo Nairobi na Dar es Salaam, na hata Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imeanza kutoa huduma za namna hiyo. Kwa kuwa gharama yake ni kubwa, familia inaweza kujikuta ikigusa akiba ya ada ya watoto au kuuza shamba ili mama apunguzwe tumbo.

Tunaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili wazi. Maoni yetu ni haya: upasuaji huu hubadili umbo la mwili, lakini hauponyi unene wala magonjwa yanayoletwa na unene. Anayelielewa hilo anaweza kuamua akijua anachonunua. Anayeuendea kama dawa ya presha au kisukari amedanganywa.

UNAFANYWAJE?

Kwanza daktari huchora kwa kalamu sehemu zenye mafuta: tumbo, kiuno, mapaja, mikono au chini ya kidevu. Mgonjwa huchomwa ganzi au hulazwa kwa nusukaputi. Kisha huingizwa chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi, pamoja na dawa ya kubana mishipa ili damu isitoke nyingi. Baada ya hapo ngozi hutobolewa matundu madogo, na mrija mwembamba wa chuma hupitishwa humo. Daktari huusukuma na kuuvuta huku mashine ikinyonya mafuta.

Baada ya upasuaji mwili huvimba na ngozi huvilia damu. Mgonjwa huvaa vazi la kubana kwa wiki kadhaa, na umbo lake jipya huonekana vizuri baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo yale matangazo ya "asubuhi unaingia, jioni unatoka umependeza" tusiyaamini.

ULITOKEA WAPI?

Katika miaka ya 1920 daktari mmoja mjini Paris, Ufaransa, alijaribu kupunguza mafuta ya miguu ya mwanamke mmoja kwa kuyakwangua. Mguu ulioza, ikabidi ukatwe, na shauri likaenda mahakamani. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kurudia.

Katikati ya miaka ya 1970 madaktari wawili wa Italia, Arpad Fischer na mwanawe Giorgio, walitengeneza vyombo vya kunyonya mafuta kupitia tundu dogo. Mwaka 1977 Mfaransa Yves-Gérard Illouz alitumia mrija kumwondolea mgonjwa uvimbe wa mafuta mgongoni bila kumwachia kovu kubwa, na njia hiyo ikaenea. Katika miaka ya 1980 daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, alianzisha matumizi ya yale maji yenye ganzi nyingi iliyozimuliwa, na damu inayopotea ikapungua sana. Tunasema haya ili ieleweke kwamba upasuaji huu siyo uganga wa mitaani. Ni kazi halali ya udaktari, yenye manufaa yake na mipaka yake.

MAFUTA YANAYOONDOLEWA SIYO YANAYOUA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwili huweka mafuta mahali pawili. Yapo yaliyo chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyafinya kwa vidole. Yapo pia yaliyo ndani kabisa ya tumbo, yanayozunguka utumbo na ini. Haya ya ndani ndiyo yanayohusika zaidi na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Mrija wa daktari hunyonya yale ya chini ya ngozi tu. Mwenye kitambi kigumu kilichojaa kutoka ndani hawezi kusaidiwa na mrija huo.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wanawake 15 wanene, baadhi yao wakiwa na kisukari. Kila mmoja alinyonywa kwa wastani kilo 10 hivi za mafuta. Walipopimwa baada ya wiki 10 hadi 12, shinikizo la damu halikubadilika, lehemu haikubadilika, wala uwezo wa mwili kutumia insulini haukubadilika. Kilo 10 zimeondoka na ugonjwa uko palepale! Lakini mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 kwa chakula na mazoezi, mara nyingi shinikizo lake na sukari yake hushuka kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo.

Mwaka 2011 wachunguzi wa Colorado, Marekani, walitoa matokeo mengine. Wanawake walionyonywa mafuta ya mapajani na sehemu ya chini ya tumbo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Mafuta yalirudi mwilini, ila hayakurudi mapajani. Yalijikusanya zaidi tumboni. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

HATARI ZAKE

Wagonjwa wengi hupona bila matatizo makubwa. Wengine hubaki na ngozi yenye mabonde au sehemu iliyokufa ganzi. Lakini zipo hatari zinazoua. Damu inaweza kuganda mguuni, kisha bonge lake likasafiri hadi mapafuni. Chembe za mafuta zinaweza kuingia kwenye mishipa ya damu. Ganzi ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Vidudu vinaweza kuingia kwenye vidonda. Mrija nao unaweza kupotea njia na kutoboa utumbo. Pale mafuta yaliyonyonywa yanaposindikwa kwenye makalio ili kuyaongeza, hatari huzidi, kwa sababu mafuta yakiingia katika mishipa mikubwa ya hapo huenda moja kwa moja mapafuni.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 miongoni mwa madaktari bingwa wa Marekani ulikadiria kifo kimoja kwa kila wagonjwa 5,000 hivi. Chunguzi nyingine zimeona vifo vichache zaidi, hasa pale mafuta yanayotolewa ni machache na ganzi peke yake ndiyo inayotumika. Mtu anaweza kusema 5,000 ni wengi. Sisi tunasema: huyo mmoja alikuwa mzima alipoingia hospitali.

Oktoba 2005 Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki huko Marbella, Hispania, baada ya upasuaji wa namna hii tumboni. Mrija uliingizwa mahali pasipostahili, ukajeruhi utumbo na ini. Mwaka 2009 mahakama ya Hispania ilimtia hatiani daktari aliyemhudumia. Karibu nasi, mwaka 2024, mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji huo katika kliniki ya urembo, na Baraza la Madaktari la Kenya likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Mke wa Rais hakukosa fedha. Tujifunze kwamba fedha haziondoi hatari.

JE, NI DHAMBI?

Wapo watakaouliza hivyo. Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa upasuaji wa aina hii mwezi Oktoba 1958, siku chache kabla ya kifo chake. Hakuukataa upasuaji wa urembo kwa ujumla. Alitaka nia iwe njema na hatari ipimwe dhidi ya faida. Katekisimu nayo, katika namba 2289, inatuonya tusiugeuze mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa. Basi tusimhukumu mwenzetu aliyefanyiwa. Swali la kumsaidia ni hili: unatafuta nini, na nani amekufanya ujione hufai?

Swali hilo linatugusa sote. Mama akinenepa baada ya ndoa tunamsifu kuwa amenawiri, na mumewe anasifiwa kwa kumtunza. Miaka michache baadaye watu walewale wanamwita bonge. Mama aliyezaa watoto watano hawezi kuwa na tumbo la msichana wa miaka 18, na baba anayemlinganisha na picha za kwenye simu anamsukuma kitandani kwa daktari bila yeye mwenyewe kujua. Mzaha wa sebuleni unaweza kumgharimu mtu uhai. Akina baba, tuchunge ndimi zetu. Na ninyi wasimamizi na kamati za harusi, nguo ya bibi arusi ishonwe kwa kipimo chake. Asilazimishwe yeye kuingia katika kipimo cha nguo.

KWA ANAYEKUSUDIA KUFANYIWA

Aliyekwisha kuamua tunamshauri asiende kwa siri. Amweleze mwenzi wake au ndugu, na aulize haya kabla ya kulipa hata shilingi moja:

1. Je, daktari amesajiliwa na baraza la madaktari, naye ni bingwa wa upasuaji rekebishi? Kuhudhuria semina ya urembo hakutoshi.
2. Nani atatoa nusukaputi, na atakuwepo mpaka mwisho?
3. Kuna oksijeni, damu ya akiba na chumba cha wagonjwa mahututi? Kama hakuna, mgonjwa atapelekwa wapi?
4. Yatatolewa mafuta kiasi gani? Yakizidi lita 5 kwa mara moja, hatari huongezeka na mgonjwa hupaswa kulazwa hospitali chini ya uangalizi.
5. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na ya kutibu matatizo yakitokea?

Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari kisichotulia, tatizo la kuganda kwa damu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asifiche hata kidogo.

Baada ya upasuaji, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, kupumua kwa shida, kuvimba mguu mmoja au kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Mgonjwa akimbizwe hospitali kubwa saa hiyohiyo. Asingoje kesho, wala asitulizwe kwa vidonge vya maumivu.

KINACHOFAA KILA NYUMBA

Chukueni futi ya fundi cherehani mjipime kiuno usawa wa kitovu. Mwanamke akizidi sentimita 80, au mwanamume akizidi 94, aende zahanati akapimwe shinikizo na sukari. Tupunguze soda, chipsi, sukari kwenye chai na mafuta ya kukaangia. Tuongeze mboga za majani na maharage, na kilima cha ugali kishuke. Tutembee kwa haraka nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Njia hii ni ya polepole, lakini inayafikia yale mafuta ya ndani ambayo mrija hauyafikii.

Mwili ni zawadi tuliyopewa tuitunze. Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya tumbo, twendeni kwanza zahanati tukapime, turudi tukae kama familia, tuamue pamoja.